Sahani Yako, Barasa

Sokoni Malakisi,
Posta ya Bungoma.
13 Septemba, 1951

Mpendwa ndugu yangu Barasa,

Mulembe, mwana wa mama. Kabla sijasema lolote, nijibu: u mzima? Unakula? Unalala? Unakwenda kazini kwa miguu yako mwenyewe? Usidhani nakuuliza ili nijaze karatasi. Huku nyumbani kuna wazee wanaongoja kusikia kwamba umeugua, na ukiwaambia hujaugua hawatakuamini. Sababu yake utaiona mbele. Kwa sasa nataka ujue kwamba nakuuliza afya yako kwa kumaanisha.

Sisi tu wazima. Mvua haikutunyima, kunde zimezaa, na wimbi limekwisha kuanikwa. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni, na tangu azae amekuwa mkali, mtu hapiti karibu. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi za baridi, lakini bado napanda lori na maharagwe yangu mpaka soko la Kitale na kurudi. Paa la jikoni limevuja, nimeliezeka upya.

Mpe Peris mkono wangu. Mwambie leso aliyonitumia naivaa kanisani, na wanawake wa hapa wananigeuzageuza kama mtoto mchanga ili wasome maneno yaliyo mgongoni. Wabusu wanangu wa huko ambao sijawaona.

Haya, adabu nimemaliza. Nimekasirika, Barasa. Nimekasirika tangu mwezi uliopita, na nilikuwa naahirisha kukuandikia nikisema hasira itapoa. Haikupoa. Hivi naandika na kalamu inatoboa karatasi, na ukiona tundu mahali ujue hapo ndipo nilipomtaja kaka yetu mkubwa Wakhungu.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwezi wa saba, kwamba mwanao Mukhisa ameshinda mbio za maili sita hapo Bungoma, na akachaguliwa kwenda Kitale kukimbia na vijana wa Trans-Nzoia na wa Mlima Elgon. Ukanijibu kwa furaha, karatasi mbili kamili. Katika barua hiyo uliandika hivi: "Mwanangu apite kila nyumba ya ndugu zangu ale kwa niaba yangu." Labda uliandika huku unakunywa chai, na Peris anacheka kando yako. Lakini barua ikitoka Voi kwa mtu wa reli, huku haichukuliwi kuwa maneno ya kufurahisha. Wakhungu aliisomesha mbele ya wazee, ikarudiwa kusomwa, wakaitikia kwa vichwa kama wamesomewa amri ya chifu.

Unaijua desturi ya nyumba yetu. Mwenye mji akiwa safarini, chakula chake hupakuliwa vilevile, na mwanawe wa kwanza hukila, ili mahali pa baba pasipoe. Ni desturi nzuri kwa mtu aliyekwenda Kakamega kushtaki kesi ya mpaka akarudi Jumamosi. Wewe umekwenda miaka minne.

Basi wazee wakapanga. Kila nyumba ya ndugu zetu kutoka Malakisi mpaka Kimilili itachinja kuku wa kumuaga Mukhisa. Na firigisi, ambayo kwetu haiendi kwa mtu mwingine isipokuwa mwenye nyumba, kila mwenye nyumba aliitoa kwa hiari yake akasema safari hii ni ya Barasa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemzaa mkimbiaji. Pamoja na firigisi, paja moja, mgongo, na ugali wako wa peke yako. Kwa hiyo kila alipoingia, Mukhisa aliwekewa sahani mbili, moja yake na moja yako. Alitakiwa amalize zote mbili, na watu wamekaa wanamtazama kama wanatazama ngoma.

Heshima siikatai. Nikiwaza watu wazima wanaojinyima firigisi kwa ajili ya ndugu yao aliye mbali, machozi yananilenga. Lakini heshima hiyo ilikwenda kukaa tumboni mwa mtoto, na mtoto huyo alikuwa na maili sita za kukimbia!

Nyumbani kwa Wakhungu ndiko kulikovunja rekodi. Anao wake wanne, na kila mke alipika ugali wake na kuku wake, tena kila mmoja na sahani ya Barasa. Ukila ya huyu ukaacha ya yule umewasha moto utakaowaka mpaka Krismasi. Wilkista, yule mke wa tatu, aliketi mlangoni akihesabu mkono wa kijana ukienda na kurudi. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Ati ya mkubwa umechota hivyo, ya kwangu unaramba tu? Kwani mimi si mke wa hii boma?" Mukhisa akachota tena. Alikuwa anatoka jasho kama mtu anayepasua kuni.

Jioni hiyo, jua halijatua, nilimkuta ameegemea ua wa ng'ombe, mkono kiunoni, hawezi hata kuinama kufunga kiatu. Nikamwambia nyumba zilizobaki azikatae. Unajua mwanao hana mdomo wa kujibu wakubwa. Alinitazama, akasema, "Shangazi, nikikataa sahani ya baba watasema nimemzika."

Maneno hayo hayajatoka kichwani mwangu. Nayaandika hapa ili yaingie na kwako pia.

Tukapanda lori la mahindi mpaka Kitale. Huko alifikia kwa mtu wetu anayefanya kazi kwenye kinu cha posho, mtu mwema sana, na wema wake ndio uliomaliza kazi. Alikuwa amesikia habari za sahani, naye hakutaka nyumba yake iachwe nyuma. Asubuhi ya mbio, Mukhisa anaamka tu, amewekewa supu ya mbuzi yenye mafuta yaliyoganda juu, ugali mkubwa, na ugali mwingine wa Barasa. Na hakuwa amelala vizuri, maana kila aliyekuja kumpa heri alikuja kukaa kwenye kitanda chake.

Kisha wazee waliofuatana naye wakatoa sheria nyingine. Asiguse maji. Ati maji yanafanya miguu iwe mizito. Mbio zilikuwa mchana, jua la Kitale linachoma utosi, na tangu ile supu ya alfajiri kijana hakupewa hata tone la kulowesha ulimi. Nikauliza mbona fahali wanaolima wananyweshwa, hakuna anayesema jembe litakuwa zito? Walinitazama kama wanavyotazama mvua inayonyesha shamba la jirani.

Nilisimama kwenye kamba, pale kona ya mwisho. Hujawahi kumwona mwanao akikimbia, Barasa, kwa hiyo ngoja nikueleze. Hana fujo. Mabega yametulia, mdomo umefungwa, anakwenda kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni lakini anajua atafika kabla hakijaungua. Alianza hivyo hivyo, na watu wa Kitale wasiomjua wakaanza kuuliza huyu ni wa wapi. Nikasema kwa sauti, huyu ni wetu, ni wa Malakisi!

Nusu ya mbio ilipopita nikaona ameweka mkono ubavuni. Duru iliyofuata midomo yake ilikuwa myeupe kama imepakwa unga. Duru ya mwisho akasimama karibu nami, akainama juu ya kamba, akatapika mbele ya Kitale nzima. Halafu akajifuta, akaendelea. Alimaliza wa nne, na alipovuka mstari akaanguka kifudifudi.

Aliyeshinda ni Kipketer, kijana wa Kinandi anayekaa na wazazi wake kwenye shamba la mzungu karibu na Hoey's Bridge. Na Mungu hakutufungia mlango kabisa, maana wale wanne wa kwanza watakimbia tena hapo hapo Kitale Jumamosi tarehe 29 mwezi huu, na wawili kati yao watapelekwa Nairobi. Baada ya hapo hakuna tena. Asipofika kati ya wawili hao, Mukhisa atarudi nyuma ya jembe, na watu watasema tulijua tu.

Sasa sikiliza walivyofanya ndugu zako. Kijana amelala chini, nao wakaanza kelele: "Amerogwa! Hawa watu ya mlima wamemroga!" Nilikuwa hapo, Barasa. Nilikiona kilichotoka tumboni mwake. Zilikuwa firigisi, nzima nzima, kama alivyozimeza jana yake, kwa kuwa hakuwa na nafasi hata ya kuzitafuna. Nikapaza sauti: uchawi gani huu unaotoka na firigisi za ndugu zangu? Wakhungu akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza.

Wakati sisi tunagombana, mwanamke mmoja alipita katikati yetu na kibuyu. Ni Chepkemoi, mama yake Kipketer. Mwanawe ameshinda, watu wanamshangilia, yeye amemwacha amekuja kwa wetu. Alikuwa na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na sukari guru. Akapiga magoti, akamimina kwenye kikombe cha bati. Wakhungu akakipiga kile kikombe kwa fimbo yake kikaruka, akisema, "Wewe mama, usimpatie mtoto yetu kitu yako!" Mimi nilitamani ardhi inimeze. Chepkemoi aliokota kikombe, akakifuta kwa ncha ya shuka lake, akamimina tena, na bila hata kugeuza shingo akasema, "Mzee, kijana amekauka. Wacha akunywe kwanza, halafu utanipiga."

Mukhisa akanywa. Alimpa kidogo kidogo, anangoja, anampa tena. Hakumwacha alale pale chini, alimwita Kipketer, na yule mshindi mwenyewe akamfunika mwenzake blanketi lake, akamshika mkono begani, wakawa wanatembea polepole kando ya uwanja mpaka pumzi zikarudi mahali pake.

Na watu wetu je? Walikuwa wamekwisha koka moto kuchoma nyama, na chungu cha pombe ya busaa kimefunguliwa, ati ya kumrudishia nguvu. Mtu ametapika sasa hivi, wanamtia mkononi ubavu wa mbuzi unaochuruzika mafuta! Niliunyakua nikaula mwenyewe, kwa hasira, nimesimama. Sikumbuki hata ladha yake.

Hakuweza kupanda lori siku ile. Nikaamua mimi. Nilimlea tangu mama yake, marehemu Nekoye, alipotuachia, nikamfundisha kutembea na kumuuguza surua, kwa hiyo neno la shangazi nilikuwa nalo na nililitumia. Nikamwambia Chepkemoi, mchukue. Wakhungu alitema mate chini. Tangu siku hiyo haniamkii, ananipita njiani kama kisiki.

Wiki iliyopita nilikwenda Hoey's Bridge kumwona. Sikudanganyi, nilikwenda na roho juu, na Chepkemoi alipotoka kidogo nilifunua vyungu vyake nione kama kuna mizizi ya uchawi. Kulikuwa na ugali wa wimbi, kunde, na maziwa ya mala. Basi. Nikafunika kabla hajarudi, ingawa nadhani alijua, maana alipoingia alinikaribisha nifunue na kile cha pembeni.

Nilikaa siku kadhaa nikimtazama. Asubuhi anakunywa uji wa wimbi mwepesi, anakaa mpaka umeshuka ndipo anakimbia. Kibuyu cha maji kimewekwa kwenye kona ya shamba anapopita, akiwa na kiu anakunywa, hana kiu anapita. Akirudi, kabla jasho halijakauka, anapewa mala iliyochanganywa na uji, na baada ya muda ndizi mbivu au maharagwe. Halafu anakwenda mtoni Nzoia na kusimama ndani ya maji mpaka magotini, yeye na Kipketer, wanacheka kama watoto. Mchana analala, na Chepkemoi anaketi mlangoni anachambua mboga na kufukuza wenye maneno mengi. Siku aliyokimbia sana, kesho yake hakimbii kabisa, anafuata ng'ombe tu kwa hatua za mzee. Nyama wanakula Jumapili, kidogo, iliyochemshwa, na hakuna anayemtazama mwenzake mkono. Mzungu mwenye shamba ameruhusu akae kwa kuwa anasaidia kukamua.

Ameanza kuwa mtu tena. Macho yamefunguka, mashavu yamerudi. Alinipokea mzigo wangu njiani akaubeba huku anakimbia, nikaogopa maharagwe yatamwagika.

Nilimuuliza Chepkemoi kama nyumba yao haina desturi ya sahani ya baba. Akasema, "Baba akienda mbali tunamwombea. Chakula yake tunamwekea siku atarudi. Hapa hakuna mtu anakulia mwingine." Nikamuuliza na Kipketer, hivi wewe humwogopi huyu unayemnenepesha? Akacheka, akasema, "Mama, nikishinda mgonjwa nimeshinda nani?" Mtoto wa watu, Barasa! Na sisi tulimwita mchawi mbele ya umati.

Hapo ningeweza kukaa kimya nikangoja tarehe 29. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wazee walikaa tena kwa Wakhungu, na walilotoka nalo ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie.

Wanasema hivi. Mukhisa alitapika sahani ya baba yake. Sehemu ya baba ikitapikwa, baba hukonda huko aliko mpaka aishe. Kwa hiyo wewe, hapo ulipo Voi, umekwisha anza kukonda, na hutapona mpaka mwanao arudie kula sahani zako zote, katika nyumba zile zile, na safari hii zibaki tumboni. Na kwa kuwa akienda Nairobi hatapatikana tena karibuni, ni lazima afanye hivyo kabla ya mbio. Alhamisi ile ya mwisho watakwenda Hoey's Bridge kumchukua. Walioteuliwa kwenda wameteuliwa. Kuku wamefungwa kamba miguuni, wanalishwa.

Nikawaambia Barasa hajakonda. Nikawaletea picha uliyopiga na Peris, ile ambayo kifungo cha koti kinaomba msamaha. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakakubali kwamba una kitambi kizuri, kisha wakaniambia picha ilipigwa kabla ya mwezi wa nane. Sasa watu kama hawa utawafanya nini? Nikamwendea mzee wa kanisa, akasema hayo ni mambo ya nyumba, yeye hawezi kuingia. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikalia, nikarudi nyumbani nikapika mboga ya mrenda na kuisahau motoni.

Na kijana wakimfikia, atakwenda nao. Hilo ndilo linaloniua. Ukimwambia kwamba uhai wa baba yake uko kwenye sahani, atakula mpaka apasuke, kisha Jumamosi ataingia uwanjani na jiwe tumboni na kuanguka tena, na mara hii hata wa nne hatakuwa. Chepkemoi hawezi kuwazuia watu wa ukoo kumchukua mtoto wao. Mimi nimekwisha nyamazishwa.

Nilirudi kwa Wakhungu jana, peke yangu, kumpigania mara ya mwisho. Nilikwenda nimejiandaa kwa matusi. Nikamkuta ameketi anawatupia kuku mtama, hana hata fimbo. Akaniambia bila kunitazama, "Rispah, Barasa nilimbeba mgongoni mama akienda shamba. Unataka nikae hapa tu, ningoje telegramu?" Nikaona macho yake yamejaa. Nilikosa pa kuiweka hasira yangu, nikakaa chini karibu naye. Baadaye akasema, "Mwenye sahani akikuja akule mwenyewe, mimi sina maneno na kijana."

Umesoma? Rudia kusoma. Mwenye sahani akija akala mwenyewe.

Sasa hasira yangu imehama, Barasa, imetoka kwa Wakhungu imepanda gari la moshi na inakuja kwako. Wakhungu ni mjinga, lakini anakuogopea na amekaa hapa. Wewe uko wapi? Mwaka wa kwanza ulisema kazi nyingi. Wa pili Peris alikuwa mjamzito. Wa tatu mvua ilikata reli. Wa nne hukusema kitu, ulituma salamu na blanketi. Gari linalokuja huku unalitia mafuta kwa mikono yako, unalipigia kengele, linaondoka, wewe umebaki umesimama.

Na huku mahali pako hapajawahi kuwa patupu, kwa kuwa kila siku tunamweka mtoto hapo. Mazishi ya shemeji yetu, Mukhisa alisimama badala yako. Kugawana shamba la bondeni, Mukhisa alishika kamba badala yako. Kikao cha mahari, Mukhisa, na hajui hata pa kutazama. Umemzoeza kukubebea kila kitu mpaka ukamwachia na kula. Akishinda, unaagiza achinjiwe. Hujawahi hata siku moja kusimama mahali anapokimbia. Nakuambia kwa uchungu kwa sababu nakupenda, na kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia.

Omba likizo. Mwambie bwana wako kuna msiba, na kama huwezi kusema uongo mwambie kweli, kwamba dada yako amepandwa na wazimu. Panda gari, ushuke Bungoma, si baada ya Jumatano tarehe 26. Nitakuwa stesheni. Kutoka hapo nitakupitisha nyumba kwa nyumba mpaka Kimilili, nawe utakaa chini na kula sahani zako zote: firigisi, mgongo, mapaja na ugali. Kwa Wakhungu utakula kwa wake wote wanne, na Wilkista atauhesabu mkono wako. Usiniambie umeshiba. Mwanao hakusema ameshiba.

Wakikuona unatafuna, mnene hivyo, watawafungua kuku waliobaki na hiyo Alhamisi hakuna atakayekwenda Hoey's Bridge. Jumamosi tutakwenda wote Kitale. Usimletee Mukhisa chochote cha kutia mdomoni, hata peremende. Ukitaka kubeba kitu, utabeba kibuyu cha maji, na Chepkemoi atakuonyesha saa ya kumpa. Na utamsalimu mwanamke huyo kwa mikono miwili.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Mukhisa kama ana neno la kukupelekea. Alinisindikiza mpaka barabarani akinieleza habari za ng'ombe, nikadhani hana. Lori lilipokuja akaniambia, "Mwambie baba asimame mahali nitamwona."

Nilimwonyesha mahali. Ni kwenye kamba, kona ya mwisho, pale niliposimama mimi. Nitakusogelea kidogo upate nafasi.

Nisalimie Peris tena, umwambie asinikasirikie kwa kukuita, na kama anaweza aje pia na watoto, nyumba ipo. Wakhungu anakusalimu, ingawa hajui kama salamu zitakukuta hai. Wake zake wote wanne wanakusalimu, mmoja mmoja, wameniomba nisiwataje kwa mafungu. Chepkemoi na Kipketer wanakusalimu bila kukujua.

Mungu wa mama yetu akulinde njiani, akuvushe kila daraja salama, na akufikishe kwetu ukiwa na nguvu za kutafuna.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa na kisirani hiki,

Rispah

Njoo na njaa.